Sotoka, Moto na Miti ya Serengeti

Ninyi mlioko madarasani huko Tarime na Mugumu, fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya miti. Tutauliza hivi: migunga ya Serengeti ilikufa kwa nini, na ilirudi kwa sababu gani?

Tuanze na sotoka, ugonjwa wa ng'ombe. Uliingia nchi zetu karibu na mwaka 1890. Mifugo mingi ilikufa. Nyati na nyumbu wakafa pia. Mwaka 1892 msafiri Oscar Baumann, mtu wa Austria, alipita Ngorongoro na Serengeti akawakuta Wamasai wanakufa kwa njaa. Mkurya na Mwikoma wajua maana ya zizi tupu: hakuna maziwa, hakuna mahari, hakuna akiba. Watu wengi wakahama. Tembo nao walikuwa wamepungua sana kwa biashara ya pembe. Basi, walaji wa majani wakawa wachache, na wachomaji moto wachache. Vichaka na miti vikaota. Vichaka hivyo vikawa makao ya mbung'o, mdudu aletaye malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Kurudi na ng'ombe kukawa kugumu.

Miaka ikapita. Watu wakaongezeka tena, na moto ukaongezeka. Lakini nyumbu walibaki wachache, maana sotoka iliendelea kuua ndama wao. Majani yakawa marefu, yakakauka, na moto ukawaka kwa nguvu. Mche wa mgunga ukiungua huchipua tena kutoka mizizini, lakini ukiungua kila mwaka haukui. Msitu ni kama ukoo: wazee wakifa na watoto hawapo, ukoo umekwisha.

Wakati huo tembo waliingia kwa wingi katika Hifadhi ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951. Walionekana mchana kweupe wakivunja migunga. Watu wakasema, mharibifu ni tembo. Na palikuwa na waliotaka wapunguzwe kwa bunduki. Je, walisema kweli?

Jibu lilianzia zizini. Huko Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri ya sotoka. Ng'ombe wa kandokando ya hifadhi wakachanjwa. Hakuna aliyemchanja nyumbu, lakini ugonjwa ulipokosa ng'ombe wa kukaa ndani yake, nyumbu nao wakapona. Mwaka 1961 walihesabiwa kama 260,000. Kufika mwaka 1977 walikuwa zaidi ya 1,000,000. Nyumbu hao walikula majani, moto ukakosa cha kuunguza, na miche ya migunga ikaanza kukua.

Sasa sikilizeni jambo la mpakani. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliua tembo wengi wa Serengeti, na wengine wakakimbilia Masai Mara, upande wa Kenya. Moto ulikuwa umepungua pande zote mbili. Lakini upande wetu miche ikawa miti. Upande wa Mara tembo waliila miche, na nchi ikabaki majani matupu. Mwaka 1990 Bibi Holly Dublin na wenzake walieleza maana yake: moto ndio ulioimaliza miti ya kwanza, na tembo ndio walioizuia isirudi. Wataalamu wengine walichukua picha za wasafiri wa zamani, wakasimama mahali pale pale na kupiga picha mpya. Mabadiliko ya miti yakaonekana kwa macho.

Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Basi mfugaji aliyepeleka ng'ombe wake kwenye chanjo aliokoa zizi lake, na bila kujua akasaidia msitu kuota. Kadhalika, anayewasha moto mwisho wa kiangazi, majani yakiwa makavu kabisa, huunguza miti ya wajukuu wake.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini watu walimlaumu tembo kabla ya moto?
2. Chanjo ya ng'ombe ilisaidiaje miti?
3. Waulizeni wazee wa kijiji chenu: mahali gani palikuwa na miti zamani, na pakoje leo?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.