Hii Waya Inaanzia Wapi?
Ukinunua seva ya mtumba, unanunua pia historia ya waya zake. Zile kebo bapa za diski za zamani zilikuwa na pini 40, na urefu uliishia kama sentimita 46. Mwaka 2003 SATA ikaja na pini 7 tu, hadi mita 1. Baadaye seva za SAS zikabana njia 4 kwenye kichwa kimoja, SFF-8087.

Hapo ndio doo huishia. Kebo ya kutoka kadi kwenda diski 4, na ya kutoka SATA 4 za mazabodi kwenda ubao wa diski, ni kama pacha, lakini haziwezi kubadilishana kazi.

Niliacha chuo nikabaki na maandishi yangu, na yote yanaenda kwenye hizo diski. Kwa hivyo pale Luthuli siulizi bei kwanza. Nauliza: hii inaanzia wapi?