Msaidizi wa Fundi wa Viungo: Habari za Asili Yake

Tunapopeleka Komunyo kwa wagonjwa katika lopitali, twajua jina la munganga, twawajua na Masista. Lakini yule anayeshika mguu wa mtu aliyepooza, akiukunja na kuunyosha mara makumi kila asubuhi, mara nyingi hatujamwuliza hata jina. Tunataka kusimulia namna kazi yake ilivyoanza katika inchi ya Marekani, maana kule asili yake yaonekana wazi.

Kwanza tujue kama fundi wa viungo mwenyewe alianza kwa kuitwa msaidizi. Marekani waliingia vita mwaka 1917, na askari wengi wakarudi vilema. Jeshi likatafuta wanawake wa kukanda misuli na kuzoeza viungo. Hawakuhesabiwa waganga wala askari, waliitwa wasaidizi tu. Mary McMillan, aliyejifunza kazi hiyo Uingereza, alifundisha wengi wao mwaka 1918 katika Reed College. Mwaka 1921 wakaunda chama chao, naye akawa mkubwa wake wa kwanza.

Kiisha polio. Mwaka 1916 peke yake iliwashika watu zaidi ya 27,000 katika Marekani, ikaua zaidi ya 6,000. Mwaka 1952 wagonjwa walipita 57,000. Waganga walizoea kufunga viungo vya watoto kwa plasta na mbao, visitikisike. Mwaka 1940 Elizabeth Kenny wa Australia akafika Minneapolis, akayakataa hayo: alifunika misuli kwa vitambaa vya sufu vilivyotiwa katika maji ya moto, halafu akamfundisha mtoto kutikisa kiungo chake pole pole. Watu walimwita Sister Kenny, lakini wasomaji wetu wasidanganyike: hakuwa mtawa, katika jeshi la Australia ndilo jina la wauguzi wakubwa. Waganga wengi walibishana naye, na maelezo yake juu ya ugonjwa wenyewe hayakuwa sawa yote, lakini plasta ziliachwa. Basi dawa ya namna hiyo yataka mikono mingi: vitambaa kubadilishwa tena na tena, mtoto kushikwa kila siku, miezi na miezi.

Chanjo ya mwaka 1955 ilipunguza polio sana. Wakabaki wazee. Toka Julai 1966 serikali ya Marekani ilianza kuwalipia matunzo ya lopitali wenye miaka 65 na zaidi, na mafundi hawakutosha. Mwaka 1967 chama chao kikakubali msaidizi mwenye masomo ya miaka miwili. Shule mbili zilifunguliwa mwaka ule: moja Miami, nyingine Minneapolis, katika chuo cha St. Mary's cha Masista wa Mtakatifu Yosefu wa Carondelet. Mwaka 1969 wa kwanza wakamaliza, watu 15.

Sheria yao ni hii: fundi anampima mgonjwa na kupanga dawa, msaidizi anaitenda, anaandika aliyoyaona, wala hana ruhusa ya kugeuza mpango. Wakatekista wataelewa mara moja. Padri anapita kijijini mara chache kwa mwaka. Anayejua nani ameanguka, nani amenuna, ni katekista. Vivyo hivyo msaidizi ndiye anayeweza kuona kwanza kama mguu wa mzee umevimba, au pumzi yake inakatika, akaacha mazoezi na kumwita fundi. Anayetii tu bila kuangalia anaweza kumwua mtu.

Mwaka 1973 wasaidizi walipokelewa katika chama, lakini katika matawi yake, kwa miaka mingi, kura ya msaidizi ilihesabiwa nusu ya kura. Mtu aweza kuitetea hesabu hiyo kwa kusema kama mwenye kupima ndiye mwenye mzigo wa kujibu. Sisi hatukubali. Chama kile kilianzishwa na wanawake walioitwa wasaidizi, nao kati yao walihesabu kila mmoja kuwa mtu mzima.