Elsa wa Meru, Kamera za Naro Moru

Ukitoka Nairobi kwa Barabara ya Thika ukaipita Makuyu, unafika Makutano, pale magari ya mlimani yanapoachana. Kushoto ni Sagana, Karatina na Naro Moru. Kulia ni Mwea, Embu na Meru. Njia hizi zinauzunguka Mlima Kenya, kila moja kwa upande wake, kisha zinakutana tena Meru, mji ambao nao una mtaa uitwao Makutano. Ukitaka kuielewa filamu ya Born Free, unazihitaji njia zote mbili.

Kisa chenyewe ni cha upande wa kulia. Mwaka 1956 George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyekuwa na kituo chake Isiolo, alimuua simba jike, na yeye na mkewe Joy wakawalea watoto watatu walioachwa. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam. Wa tatu, Elsa, alifunzwa kuwinda na kuachiliwa katika pori la Meru. Alikufa Januari 1961 na kuzikwa kando ya Mto Ura, ndani ya eneo ambalo leo ni Mbuga ya Taifa ya Meru.

Lakini katikati ya miaka ya 1960, mwongozaji James Hill alipokuja kupiga picha, kambi ilisimamishwa Naro Moru, upande wa magharibi wa mlima. Bill Travers na Virginia McKenna waliigiza nafasi za George na Joy, naye George mwenyewe akawa mshauri wa mambo ya simba. Elsa tunayemwona kwenye filamu si simba mmoja, bali kadhaa waliopokezana nafasi yake. Kazi ilipokwisha, wengi wao walipelekwa kwenye bustani za wanyama, jambo lililowauma sana Travers na McKenna. Ila watatu, Boy, Girl na Ugas, George aliwachukua mwaka 1965 akaenda kuwazoeza maisha ya porini Meru. Nalipenda sana tukio hili: simba waliokuwa waigizaji wakahamia kwenye nchi halisi ya kisa walichokiigiza.

Mwaka 1966 filamu ilizinduliwa London mbele ya Malkia Elizabeth, na muziki wake ukampatia John Barry tuzo za Oscar.

Nairobi nayo ilikuwa na majumba yake ya sinema katikati ya mji: Kenya Cinema, 20th Century, Odeon, Embassy, Globe. Ulikata tiketi, mwenye tochi akakuonyesha kiti, wimbo wa taifa ukapigwa na ukumbi mzima ukasimama. Kisha ndipo picha ikaanza. Majumba haya ni historia yetu kama ilivyo mbuga, lakini kamera za kigeni za enzi hizo zilikimbilia nyikani. Filamu ya Mogambo ya 1953 ilifuata wanyama, na Hatari! ya 1962 ikafanya vivyo hivyo Tanganyika. Jumba lililowaonyesha Wakenya nchi yao halikuhesabiwa kuwa sehemu ya nchi hiyo.

Tulisubiri sana kuiona mitaa ya Nairobi kama River Road ikipewa heshima ya skrini, kama ilivyofanya filamu ya Nairobi Half Life mwaka 2012, kwa kisa cha kijana anayetoka mashambani kuja mjini kutafuta uigizaji. Kufikia hapo majumba mengi ya zamani yalikuwa yamefungwa, na baadhi yamegeuzwa makanisa. Majina ndiyo yaliyobaki. Globe ni mzunguko wa barabara. Odeon ni stendi ya matatu.

Kaburi la Elsa linalindwa, kwani limo ndani ya mbuga ya taifa na wageni hupelekwa kuliona. Majengo nayo yanaweza kulindwa: tunayo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, inayomruhusu waziri kulitangaza jengo kuwa urithi unaolindwa. Kazi hiyo ianzie mtaa wa Latema, kwa Odeon na Embassy, wakati bado wapo watu waliowahi kushika ile tochi na wanaoweza kueleza nani alikaa wapi.