Kazuo Ohno na Gauni la La Argentina

Katika mwaka wa 1929 mwanafunzi mmoja wa mazoezi ya viungo aliketi katika viti vya juu vya Ukumbi wa Michezo wa Kifalme mjini Tokyo, akamtazama mwanamke akicheza ngoma za Kihispania. Mwanamke huyo alikuwa Antonia Mercé, aliyeitwa La Argentina kwa kuwa alizaliwa Buenos Aires. Kijana alikuwa Kazuo Ohno, mzaliwa wa Hakodate wa mwaka wa 1906. Mchezaji alikwenda zake, na mwaka wa 1936 akafariki. Mtazamaji alibaki na deni, akalilipa baada ya miaka 48.

Riziki yake Ohno aliipata kwa ualimu wa viungo katika shule za Kikristo za Yokohama, mojawapo ikiwa ya wasichana. Ngoma alijifunza kwa Baku Ishii, kisha kwa Takaya Eguchi. Mwaka wa 1938 vita vikamnyakua. Miaka yapata tisa ikapotea China na New Guinea, mwisho wake kufungwa mateka. Onyesho lake la kwanza lilikuwa la mwaka wa 1949, katika umri ambao wachezaji wengi huwaza kupumzika.

Mwaka wa 1960 Tatsumi Hijikata, mwanzilishi wa ngoma iitwayo buto, alimpa nafasi ya Divine, mtu wa kitabu cha Jean Genet: mwanamume aliyezeeka, auzaye mwili wake katika mavazi ya kike. Mwalimu, Mkristo na baba wa watoto, aliikubali. Mwanamume kuvaa kike halikuwa jambo geni Japani, maana katika kabuki wanaume wameigiza wanawake tangu karne ya 17. Lakini mwigizaji wa kabuki huuficha uanaume wake kwa ustadi, na Ohno hakuficha kitu. Chini ya rangi nyeupe makunyanzi yalionekana, na mifupa ya kifua ilichomoza juu ya lesi. Aliyekuja kucheka alijikuta hana la kuchekea.

Ndipo mwaka wa 1977, akiwa na miaka 71, akaonyesha mchezo wa kumsifu La Argentina, chini ya uongozi wa Hijikata. Aliketi kwanza miongoni mwa watazamaji, amevaa gauni na kofia kama bibi mzee, kisha akainuka akaliendea jukwaa polepole. Ufaransa waliuona mchezo huo Nancy mwaka wa 1980, na tangu hapo wanafunzi walimiminika kutoka nchi nyingi hadi chumba chake cha mazoezi, kilimani Yokohama.

Huko hakufundisha hatua. Alizungumza kwa muda mrefu juu ya tumbo la mama, juu ya maua, juu ya wafu, kisha akawaambia wacheze. Roho itangulie, mwili utafuata. Fundisho hili lina hatari yake, kwani mvivu hupata ndani yake kisingizio kizuri. Ohno mwenyewe alikuwa na haki ya kulisema, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na miaka mingi ya kuwanyosha wengine migongo na magoti.

Alipopita miaka 90 miguu ilimwacha. Akacheza kwa mikono, akiwa juu ya kiti, mpaka nguvu zilipokwisha. Alifariki Yokohama tarehe 1 Juni, 2010, akiwa na miaka 103.