Pamba, Poliesta na Hewa ya Tambarare: Hoja Kuhusu Mavazi Katika Taita Taveta

Kaunti ya Taita Taveta, Kenya, haikosi uzi wa asili. Mashamba ya mkonge ya Mwatate yamekuwa yakiutoa kwa miongo mingi, lakini hakuna avaaye shati la mkonge: uzi wake ni mnene na mgumu, unafaa kamba na magunia. Hilo peke yake latosha kututahadharisha na mazoea ya kugawa vitambaa mafungu mawili, vya asili na vya viwandani, kisha kulisifu fungu moja lote kwa sababu ya chimbuko lake. Kipimo ninachokitetea ni jinsi kitambaa kinavyolipokea jasho katika hewa ya mahali kinapovaliwa. Kwa kipimo hicho, kinachostahili kugusa ngozi ya mtu wa Mboghoni, kule tambarare za Taveta, ni pamba, na desturi ya kuwavisha watoto wa shule za tambarare sare zenye poliesta nyingi, pamoja na sweta za akriliki, inapaswa kuachwa.

Mwili hupoa jasho linapogeuka mvuke. Katika hewa ya nyuzi joto 20 na unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji yapatayo asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1941 na Whinfield na Dickson, na ambayo malighafi yake hutokana na mafuta ghafi, haifiki hata asilimia 1. Kwa hiyo pamba huanza kuunyonya mvuke wa jasho kabla ngozi haijalowa, ilhali poliesta iliyofumwa kwa kubana huuzuia baina ya nguo na ngozi. Voi, mwezi wa Februari na Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30, na kule Taveta nafuu ni ndogo. Mtoto aliyebanana na wenzake chini ya paa la bati huyabeba mateso hayo hadi kengele ya jioni. Harufu nayo ina ushahidi wake: mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walilinganisha fulana za watu waliotoka kufanya mazoezi ya baiskeli, wakakuta zile za poliesta zikinuka zaidi, kwa kuwa bakteria wa jamii ya Micrococcus hustawi humo. Kwa kijana anayebalehe, hilo si jambo dogo.

Wapo watakaouliza mbona wanariadha hukimbia na fulana za poliesta. Fulana hizo ni nyepesi, zina matundu, na mkimbiaji hujitengenezea upepo. Kitambaa cha sketi na kaptura za shule hufumwa kwa kubana ili kisichakae, na anayekivaa ameketi. Pingamizi zito zaidi ni la mzazi ambaye mtoto wake ana sare moja tu, inayofuliwa jioni na kuhitajika alfajiri. Poliesta haikunjamani, haipauki upesi, tena hukauka haraka. Nalikubali hilo, na ndiyo maana sidai pamba tupu. Nadai uwiano ugeuzwe: badala ya mchanganyiko uliozoeleka wa poliesta 65 kwa pamba 35, pamba ndiyo itangulie. Ama atakayeilaumu pamba kwa kuikausha Bahari ya Aral huko Asia ya Kati, kosa lilikuwa la mifereji ya umwagiliaji iliyochota maji ya mito yake. Pamba ya Kenya kwa sehemu kubwa hutegemea mvua.

Hoja hii ina mpaka, na mpaka wenyewe umo ndani ya kaunti hiihii. Wundanyi na vijiji vilivyo chini ya kilele cha Vuria, chenye mita 2,208, hupata ukungu na baridi. Huko pamba iliyolowa hugandamana na mwili na kuupunguzia joto, na sweta ya akriliki ina kazi ya haki. Kosa ni kuifanya nguo ya mlimani kuwa sheria ya bondeni. Bodi za shule za Mboghoni, zikishauriana na wazazi, zinaweza kuifanya sweta iwe hiari na kumwagiza fundi cherehani ashone mashati kwa jora lenye pamba nyingi. Naye mzazi anayechagua mtumba katika soko la Taveta asome lebo ya ndani ya ukosi kabla ya kuuliza bei.