Treni ilipita Sakania, Kasumbalesa ikabaki na barabara

Mtoto aliyezaliwa Kasumbalesa anajua honi ya lori kuliko filimbi ya treni. Mji huu wa mpakani, karibu kilomita 90 kutoka Lubumbashi, unajulikana kwa barabara. Njia ya chuma iliingia Kongo pale Sakania, katika teritware hiyohiyo, na ilifika kabla Lubumbashi haijawa mji.

Ilitoka kusini. Mwaka 1906 ilikuwa imefika Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe ya Zambia, ikakwama hapo. Robert Williams, mzungu wa Scotland aliyepewa haki ya kutafuta madini Katanga, alitaka shaba ya mgodi wa Etoile ifike baharini, na Wabelgiji hawakuwa na njia yao ya kuitoa. Desemba 1909 vyuma vikagusa mpaka Sakania. Mwaka 1910 vikafika Elisabethville, wakati viwanja vya mji ndiyo kwanza vinapimwa. Kwa hiyo Sakania ndiyo mkubwa, Lubumbashi ni mdogo wake, ingawa leo hakuna anayemhesabu hivyo.

Miaka ile kila kitu kilipita Sakania: makaa ya mawe ya Wankie, unga wa mahindi wa kulisha wafanyakazi wa migodi, wafanyakazi wenyewe kutoka Rodezia ya Kaskazini. Shaba ilirudi njia hiyohiyo kuelekea bandari ya Beira. Hata ile homa kubwa ya 1918 ilipanda treni kusini na kushukia Katanga.

Halafu milango mingine ikafunguka. Mwaka 1928 reli ilifika Port-Francqui, Ilebo ya leo. Mwaka 1931 ikaungana na ile ya Angola hadi Lobito. Njia ya Ilebo ilileta familia nyingi za Kasai kufanya kazi migodini na kwenye reli. Mwaka 1992 na 1993 watoto na wajukuu wao, wengi wakiwa wamezaliwa Katanga, walifukuzwa. Walilala majuma na miezi kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakingojea behewa la kuwapeleka kwenye inchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Watoto walikufa palepale, kwa njaa na magonjwa. Familia zilizohama zinaijua sehemu hii ya historia bila kuambiwa.

Kampuni ya reli ilibadilisha majina: BCK, KDL, SNCZ, SNCC. Injini zikazeeka, mishahara ikachelewa, shaba ikahamia kwenye malori. Hapo ndipo Kasumbalesa ilipoamka. Foleni ya malori inafika kilomita kadhaa, na kila lori linalosimama linahitaji chakula, mahali pa kulala, mtu wa kubadilisha franka na kwacha. Ni pesa, lakini si kazi kama ile ya reli. Mfanyakazi wa reli alikuwa na nyumba kambini na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mama anayeuza bukari kando ya foleni anakula siku ambayo mpaka uko wazi. Ukifungwa siku tatu, naye anafunga.

Reli inayozungumzwa leo ni ya Lobito. Inatoka Kolwezi kwenda Dilolo, kisha Angola. Haipiti Sakania, wala Kasumbalesa.