Udongo Unaosafisha Maji

Nani kati yetu asiyejua taabu ya masika? Mto unajaa, na mama akienda kuchota maji, analeta nyumbani matope. Tuone basi jinsi wanawake wa Sudani walivyoshindana na taabu hiyo.

Kila mwaka, toka mwezi wa saba hata wa tisa, Nile ya Bluu hufurika na kuleta tope jingi kutoka milima ya Ethiopia. Wanawake wa kando ya mto walitwaa udongo wa namna yake, waliouita rauwaq, maana yake kisafishaji, wakaukoroga katika mtungi. Baadaye tope lilishuka, maji yakabaki meupe juu. Ajabu, udongo kufukuza udongo! Wengine walitwanga mbegu za mlonge, hata mti huo wakauita mti wa rauwaq. Bibi Samia Al Azharia Jahn alijifunza desturi hiyo kwao, akaandika habari zake toka miaka ya 1970, na wataalamu wa nchi nyingine wakazijua.

Sababu yake ni nini? Chembe za tope ni ndogo mno, tena zinasukumana kwa kuwa zina umeme wa namna moja. Mbegu ya mlonge ina protini yenye umeme wa namna nyingine. Inazikamata, zinakuwa mabonge, nayo mabonge yanazama. Mwaka 1884, huko Marekani, Isaiah Hyatt alipata hati ya serikali kwa mtambo wa kukusanya tope kwa dawa, kisha kuchuja maji kwa mchanga. Hata leo miji mingi hutumia shabu kwa kazi hiyo.

Lakini tusidanganyike. Mwaka ule ule wa 1884 Robert Koch alionyesha kwamba kipindupindu huletwa na kidudu kisichoonekana kwa macho. Mlonge hupunguza vidudu, hauvimalizi. Sisi wa Kongo tunaukumbuka mwezi wa saba wa 1994 pale Goma. Maji ya Ziwa Kivu si tope kama ya Nile, lakini wakimbizi waliyanywa bila kuyasafisha, na kwa kipindupindu na kuhara damu karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi mmoja.

Basi, akina mama na akina baba, tuwaige wanawake wa Nile, tuyaache maji yatulie na kutakata. Kisha tuyachemshe. Maji meupe bado si maji salama.